Mteja Tusiyemwona: Historia Fupi ya Huduma Njema katika Biashara ya Mbali



Wahenga walisema: biashara haigombi. Anayeuza hana budi kuwa na uso mkunjufu, kwani mteja aliyekwazwa hupita mbele ya duka na kwenda kwa jirani. Lakini methali hii ilizaliwa sokoni, mahali ambapo muuzaji na mnunuzi hutazamana, husalimiana na kupatana bei, na mnunuzi hushika kitambaa kwa mkono wake kabla ya kutoa fedha. Je, inakuwaje pale ambapo muuzaji yuko mbali, hana uso wala sauti, na mnunuzi hutuma fedha kwanza kisha akangoja? Swali hili linatugusa, kwa maana wengi wetu siku hizi tunanunua na kuuza kwa njia ya simu na intaneti, na wapo miongoni mwetu waliokwisha kuonja uchungu wa kutoa fedha na kukosa wa kumuuliza. Juma hili ninawaalika tulitafakari kwa njia ya historia.

Mkulima, ng'ombe na kofia

Biashara ya mbali haikuanza na kompyuta. Kunako mwaka 1872, mjini Chicago nchini Marekani, Aaron Montgomery Ward alianza kutuma kwa njia ya posta karatasi moja yenye orodha ya bidhaa 163 pamoja na bei zake. Kabla ya hapo alikuwa wakala wa mauzo aliyezunguka vijijini, akaona jinsi wakulima walivyobanwa na wenye maduka: bidhaa chache, bei kubwa, na hakuna pengine pa kwenda. Alifikiri kwamba kama angenunua mjini kwa fedha taslimu na kumpelekea mkulima moja kwa moja, bei ingeshuka.

Wazo lilikuwa jema, lakini palikuwa na kikwazo kimoja kikubwa, nacho ni hofu. Mkulima angewezaje kumtumia fedha mtu asiyemjua, katika mji asioufahamu? Mwaka 1873 gazeti la Chicago Tribune lilithubutu kuwaonya wasomaji wake kwamba kampuni hiyo ilikuwa ya matapeli. Baadaye likaifuta kauli hiyo. Ndipo kunako mwaka 1875 Ward alipotoa ahadi iliyokuja kuwa mashuhuri: mteja asiporidhika, atarudishiwa fedha zake. Leo ahadi ya namna hii yaonekana ni jambo la kawaida. Kwa wakati ule ilikuwa ni kuutoa mzigo wa hofu begani mwa mnunuzi na kuuweka begani mwa muuzaji.

Matunda yake hayakuwa fedha tu. Wakulima walianza kumwandikia Ward kana kwamba wanamwandikia ndugu. Wengine waliomba ushauri wa mambo ya nyumbani, na wapo hata waliotaka watafutiwe mke. Mkulima mmoja aliandika kueleza kwa nini hakuwa ameagiza kitu kwa muda mrefu: ng'ombe alimpiga teke akamvunja mkono, kisha mkewe akaugua, na deni la daktari likawaelemea. Sasa, aliendelea, deni limelipwa, wote ni wazima, mtoto wa kiume amezaliwa, na tafadhali waletewe kofia ya mama. Kampuni ilimjibu kwa kumpa pole ya mkono, ikafurahi kusikia kwamba mkewe amepona, ikampongeza kwa kupata mtoto, ikathibitisha kuipokea oda ya kofia. Kisha ikamwuliza kama alikwisha kuona katika orodha yao kifaa cha kumzuia ng'ombe asipige teke.

Mtu anaweza kucheka na kusema kwamba muuzaji hakuacha kuuza. Ni kweli, hakuacha. Lakini tazama kwa makini: ili kumjibu hivyo, mtu fulani mjini Chicago ilimpasa kwanza aisome barua yote hadi mwisho. Mkono, mke, deni na mtoto vilipata jibu kabla ya kofia. Mwandishi wa jibu lile alikuwa na ucheshi, na ucheshi wake ulitokana na kusikiliza.

Mshindani wake, Richard Sears, aliyeanza kwa kuuza saa mwaka 1886 katika jimbo la Minnesota, alijifunza jambo lingine. Mashine za kupiga chapa zilipoingia maofisini, wateja wa vijijini walichukizwa na barua zilizoandikwa kwa mashine, waliona wamedharauliwa. Kwa sababu hiyo kampuni yake iliendelea kwa muda kuwaandikia wateja kwa mkono, ingawa kazi hiyo ilikuwa ya polepole na ya gharama. Vilevile iliwaambia wahamiaji wengi waliokuwa wageni wa Kiingereza kwamba waandike oda zao kwa lugha yoyote waijuayo; ni kazi ya kampuni kumtafuta wa kuzisoma. Kwa mhamiaji aliyezoea kuchekwa dukani kwa sababu ya matamshi yake, hilo halikuwa jambo dogo hata kidogo.

Kutoka posta hadi intaneti

Orodha hizo nene zilidumu kwa vizazi vingi. Ward walifunga yao mwaka 1985, na Sears wakaifunga orodha yao kubwa mwaka 1993. Kwa namna ya ajabu, mlango huo ulifungwa wakati mwingine ulipokuwa unafunguliwa. Mwezi Agosti 1994 magazeti ya Marekani yaliandika habari ya mtu aliyenunua CD ya mwanamuziki Sting kwa njia ya intaneti, huku namba ya kadi yake ya benki ikiwa imefichwa kwa maandishi ya siri. Mwezi Julai 1995 Jeff Bezos akafungua duka la vitabu la Amazon. Inasimuliwa kwamba siku za mwanzo kengele ililia ofisini kila kitabu kilipouzwa, na wafanyakazi wakakusanyika kutazama kama kuna amjuaye mnunuzi. Haikuchukua muda mrefu ikabidi kengele izimwe, kwa maana oda zilikuwa nyingi mno.

Kengele hiyo iliyozimwa inatuonyesha shida yote mintarafu biashara ya mbali. Wateja wakiwa kumi, unawajua kwa majina. Wakiwa milioni kumi, wanageuka kuwa namba. Hofu ya mkulima wa mwaka 1872 ilirudi tena, safari hii mbele ya kioo cha kompyuta: je, kuna mtu upande wa pili?

Barua ya mzaha

Mmoja wa waliolijibu swali hilo alikuwa mwanamuziki, Derek Sivers. Mwaka 1998 alitaka kuuza CD yake mwenyewe kwenye intaneti, lakini maduka makubwa hayakumpokea msanii asiyekuwa na msambazaji. Akajitengenezea tovuti yake. Marafiki wakamwomba awauzie na za kwao, na hivyo likazaliwa duka la CD Baby, ambalo baadaye lilikaa Portland, katika jimbo la Oregon.

Kama maduka yote ya mtandaoni, duka hilo lilimtumia mteja barua pepe ya kumjulisha kwamba mzigo wake umetumwa. Mwanzoni barua hiyo ilikuwa kavu. Sivers aliona haifanani na nia yake ya kuwafurahisha watu, akakaa kama dakika ishirini na kuandika nyingine. Barua mpya ilimweleza mteja kwamba CD yake imechukuliwa rafuni kwa glavu safi na kulazwa juu ya mto wa satini. Kwamba wafanyakazi hamsini wameikagua. Kwamba fundi wa kufunga mizigo kutoka Japani amewasha mshumaa na umati ukanyamaza. Na kwamba mji mzima umeisindikiza hadi posta kabla haijapaa kwa ndege ya binafsi. Wateja walicheka, wakawatumia rafiki zao, wakaibandika kwenye tovuti zao. Sivers mwenyewe alishuhudia kwamba mzaha huo mmoja ulimletea maelfu ya wateja wapya.

Hapa yatupasa tujiulize. Barua hiyo ilitumwa na kompyuta, ile ile kwa kila mteja. Hakuna mto wala mshumaa. Je, ina tofauti gani na barua za mashine zilizowachukiza wakulima wa Sears? Nadhani tofauti ni hii: barua kavu hujidai kuwa ya kweli, kumbe haina mtu ndani yake, barua ya Sivers ilijionyesha wazi kuwa mzaha, na kwa mzaha huo ikasema ukweli kwamba upande wa pili kuna mtu anayetaka ufurahi. Tena haikusimama peke yake. Kwenye oda palikuwa na nafasi ya mteja kuandika ombi maalumu. Mtu mmoja aliandika kwa utani kwamba angependa awekewe ngisi wa mpira, na kama hayupo, ngisi halisi atafaa. Kwa bahati, mteja mwingine wa Korea alikuwa amewaletea wafanyakazi zawadi ya ngisi aliyefungwa kwenye pakiti. Vijana wa kufunga mizigo wakamtia ngisi huyo ndani ya boksi, wakalituma. Ngisi yule hakuwa katika utaratibu wowote wa kampuni. Alitokana na kijana aliyesoma ombi na kuwa huru kulitimiza.

Wengi waliiga barua ya Sivers neno kwa neno, lakini kilichowafanya watu wapende duka lile hakikuigika. Mwaka 2008 Sivers aliliuza kwa dola milioni 22, mali ambayo alikuwa amekwisha kuiweka katika mfuko wa hisani kwa ajili ya elimu ya muziki. Duka lenyewe la CD lilifungwa mwaka 2020, watu walipokuwa wamehamia kusikiliza muziki kwa njia nyingine.

Viatu na maua

Mfano wa pili ni Zappos, duka la viatu lililoanzishwa San Francisco mwaka 1999 na Nick Swinmurn, baada ya kuzunguka maduka bila kupata viatu alivyovitaka. Jina lake latokana na neno la Kihispania la viatu. Kijana Tony Hsieh alitia fedha zake, kisha akawa kiongozi wake. Kiatu ndicho kitu kigumu kuuza kwa mbali, kwa maana ni lazima kivaliwe ndipo kijulikane kama kinatosha. Basi wakaamua kwamba kupeleka kutakuwa bure, na kurudisha pia bure. Baadaye muda wa kurudisha ukafikia siku 365. Ni ahadi ya Ward ya mwaka 1875, iliyopanuliwa.

Lakini jambo kubwa walilofanya lilihusu simu. Kampuni nyingi za mtandao huificha namba yake ya simu, kwa kuwa kuongea na mteja ni gharama. Na wale wanaopokea hupimwa kwa dakika, hivi kwamba mfanyakazi bora ni yule anayemaliza upesi. Zappos waliiweka namba yao wazi. Wahudumu hawakupewa maneno ya kukariri, wala hawakupimwa kwa ufupi wa mazungumzo. Kiatu kisipokuwepo, walimtafutia mteja katika maduka ya washindani. Mwaka 2004 walihamishia makao yao eneo la Las Vegas, ili wapate watu wengi zaidi walio tayari kuifanya huduma kwa wateja kuwa kazi ya maisha. Kila aliyeajiriwa, hata mhasibu, alipitia mafunzo na kupokea simu za wateja. Kisha aliahidiwa fedha, zilizofikia dola 2,000, kama angependa kuacha kazi. Walitaka abaki yule tu anayeipenda. Mwaka 2016 mhudumu mmoja aliongea na mteja kwa saa 10 na dakika 43, na hakuna aliyemkata.

Tukio lililokumbukwa kuliko yote lilitokea mwaka 2007. Mwanamke mmoja alimwagizia mama yake mgonjwa jozi kadhaa za viatu, kwa kuwa mwili ulikuwa umepungua kwa ugonjwa na hakujua ni zipi zingemtosha. Baadhi zilitosha, nyingine alipaswa kuzirudisha. Kabla hajafanya hivyo, mama akafariki dunia. Katikati ya msiba, nani akumbuke viatu? Kampuni ilipomwandikia kuuliza, aliwajibu kwamba amefiwa na atazirudisha atakapoweza. Wakamjibu kwamba asihangaike, wamekwisha kupanga msafirishaji aje kuzichukua nyumbani. Siku iliyofuata aliletewa maua na salamu za rambirambi. Alilia. Akaandika habari hiyo kwenye intaneti, ikasomwa na watu wengi mno.

Nasi Waafrika tunalielewa tukio hili vizuri. Kwetu mwenye msiba haulizwi madeni. Majirani huja na kuni, maji na unga, na mambo ya hesabu husubiri. Mhudumu yule alitenda kwa mbali jambo ambalo jirani mwema hulitenda kwa karibu: kwanza alimpunguzia mfiwa kazi, kisha akampa pole. Zaidi ya hayo, hakuhitaji kupanda ngazi tatu za mabosi kuomba ruhusa ya kununua maua. Imani ya wakubwa wake ilikuwa imetangulia.

Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Zappos walitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuwapigia simu kwa jambo lolote, hata lisilohusu viatu. Watu walipiga kutafuta vyakula, wengine ili wapate tu wa kuongea naye. Hospitali ya Mount Sinai ya New York iliyokuwa na uhaba wa vifaa vya kupimia oksijeni ya wagonjwa ilisaidiwa kuvipata.

Upande wenye kivuli

Ndugu zangu, historia isiyo na kivuli si historia. Mwezi Novemba 2008 Zappos waliwapunguza kazini asilimia 8 ya wafanyakazi wao. Mwaka 2009 kampuni ilinunuliwa na Amazon kwa thamani ya takriban dola bilioni 1.2. Tony Hsieh alistaafu mwezi Agosti 2020, na mwezi Novemba mwaka huo huo akafariki akiwa na umri wa miaka 46, kutokana na majeraha ya ajali ya moto. Aliyetumia miaka yake kutafuta namna ya kuwafurahisha wengine alimaliza siku zake katika masikitiko makubwa.

Kuna kivuli kingine, nacho kinatuhusu sisi wanunuzi. Furaha ya mteja anayeletewa mzigo kesho yake asubuhi hubebwa na miguu ya mtu ghalani. Huko kasi hupimwa kwa mashine, kwa sekunde. Mwaka 2021 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwataka wenye maghala makubwa wawaeleze wafanyakazi viwango wanavyodaiwa, na kuwakataza kuweka viwango vinavyomnyima mfanyakazi muda wa kula, kupumzika au kwenda msalani. Tafakarini jambo hilo: ilihitajika sheria ili mtu aruhusiwe kwenda msalani. Haifai kumpelekea mteja maua kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine kumnyang'anya pumzi yule aliyelifunga boksi. Ukarimu unaoelekezwa kwa mwenye fedha peke yake ni bidhaa kama bidhaa nyingine.

Tunajifunza nini?

Kuanzia barua ya ng'ombe hadi maua ya msiba, jambo moja linajirudia. Kila mahali ambapo huduma ilikumbukwa, alikuwepo mtu wa chini, aliyepewa muda wa kusikiliza na uhuru wa kutenda. Ubunifu ulikuja baadaye, kama tunda. Anayetaka tunda bila kuumwagilia mti maji atapata maneno matamu tu, na mteja huyatambua upesi kuwa maneno matupu.

Hapa kwetu, tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, mama anayeuza vitenge aweza kumuuzia mtu wa mkoa mwingine ambaye hatamwona kamwe. Mnunuzi yule ana hofu ile ile ya mkulima wa mwaka 1872. Hana haja ya mto wa satini. Anahitaji kuambiwa ukweli kuhusu rangi na ubora wa kitenge, kujibiwa anapouliza mzigo umefika wapi, na kurudishiwa fedha zake bila matusi pale ambapo kosa si lake. Ukiwa na kijana unayemwajiri kujibu simu, mpe naye ruhusa ya kumaliza jambo dogo bila kukungoja, wala usimkaripie kwa kuongea na mteja muda mrefu. Na sisi tunaonunua, tumkumbuke kijana wa bodaboda anayekuja na kifurushi chini ya mvua. Tumwite kwa jina lake, tumpe maji, tusimfokee kwa kosa la aliyeko dukani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wetu. Hawakusema kwamba mgeni huyo ni lazima aje kwa miguu.

Nawatakieni nyote juma jema.